Bibi Souad Abderrahim, Sheikh wa Mji wa Tunis

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Katika mji wa Tunis, ulio mji mkuu wa nchi ya Tunisia, kuna cheo kiitwacho Sheikh al-Madina, maana yake Sheikh wa Mji. Msomaji asidhani ya kuwa huyu ni sheikh wa darasa na vitabu, kama tulitumiavyo neno hili sisi. Huyu alikuwa ni mkubwa wa mji mkongwe, akiangalia usalama wa mitaa, akisuluhisha watu wa masoko, na akisimama baina ya raia na mtawala wao. Manispaa ilipokuja, mkuu wa manispaa akalirithi jina hilo, na mpaka zama zetu hizi watu wa Tunis wamekuwa wakimwita meya wao kwa jina hilo la kale. Wote waliolibeba walikuwa wanaume. Tarehe 3 Julai 2018 likachukuliwa na mwanamke, Bibi Souad Abderrahim, mwenye umri wa miaka 53, na kazi yake ufamasia.

Habari hii imezungumzwa katika baraza nyingi za Waislamu, na mara nyingi imezungumzwa bila ya kujuliwa. Wako walioifanya dalili ya kwisha kwa dini katika nchi ya msikiti wa Zaytuna. Wako walioifanya ushindi wa wanawake juu ya dini. Wote wameikosa habari yenyewe, kwani bibi huyu hakuletwa na maadui wa dini. Aliletwa na chama cha watu wa dini. Na waliompinga kwa jina la dini hawakuwa wao wenye kujulikana kwa dini. Kwa hiyo nimeona ni vyema kuieleza tangu mwanzo wake, ili msomaji ahukumu mwenyewe.

Manispaa ya Tunis ni katika manispaa za mwanzo kuundwa katika nchi za Kiarabu. Iliundwa kwa amri ya Muhammad Bey ya tarehe 30 Agosti 1858, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Jenerali Husayn, mtu wa asili ya Kicherkesi aliyeletwa Tunis akiwa mamluki, akalelewa katika jumba la kifalme, kisha akawa mmoja wa watu wakubwa waliotaka nchi itengenezwe kwa sheria. Baraza lake lilikuwa la wateule tu. Wafaransa walipoitia nchi chini ya himaya yao mwaka 1881, walimwacha Sheikh wa Mji kitini pake, lakini nguvu ya fedha na ya amri wakaitia mikononi mwa makamu Mfaransa. Mambo haya hata sisi tuliotawaliwa kwa mikono ya wakubwa wa kienyeji twayajua. Uhuru ulikuja mwaka 1956. Baadaye, kwa sheria ya mwaka 1975, miji mingine ya Tunisia ikawa humtoa meya wake miongoni mwa madiwani kwa kura yao, ama mji wa Tunis meya wake aliteuliwa kwa amri ya serikali. Hili lishikwe vizuri. Tangu mwaka 1858 hata mwaka 2018 ni miaka 160, na katika muda wote huo hapana hata Sheikh mmoja wa Tunis aliyekipata kiti kwa kura huru iliyoanza kwa raia wa mji.

Ama wanawake, mji ule haukuwa mgeni wa wanawake wenye vyeo. Katika karne ya 17 aliishi huko binti wa kifalme aitwaye Aziza Othmana, aliyewaacha huru watumwa wake na kutoa mali yake wakfu kwa ajili ya wagonjwa na maskini. Hospitali iliyoko Kasbah, kwenye uwanja uleule lilipo jengo la manispaa, inaitwa kwa jina lake. Na kabla yake, katika karne ya 13, alikuwako walii mashuhuri Sayyida Manoubia, ambaye mpaka leo watu wa Tunis humzuru kaburini. Lakini wakfu na uwalii ni kitu kimoja, na amri juu ya watu ni kitu kingine.

Mjadala wa amri ulianzia Zaytuna kwenyewe. Mwaka 1930 kijana mmoja aliyehitimu huko, Tahar Haddad, alitoa kitabu juu ya mwanamke katika sheria na katika jamii. Alidai mambo mengi, mengine yakikubalika na mengine yakikataliwa na wanavyuoni, lakini moyo wa maneno yake ulikuwa ya kwamba umma unaowanyima elimu wanawake wake umejikata mguu mmoja. Wakubwa wa Zaytuna wakamghadhibikia. Akazuiliwa mtihani wake wa sheria, akanyang'anywa njia ya riziki, na mwaka 1935 akafa katika upweke, hajatimiza miaka 40. Miongoni mwa masheikh waliomjibu kwa ukali alikuwako Sheikh Mohamed Salah Ben Mrad, aliyeandika kitabu kizima cha kumrudi. Na tazama ajabu ya Mwenyezi Mungu: mwaka 1936, mwaka mmoja tu baada ya kifo cha Haddad, binti wa sheikh huyohuyo, Bibi Bchira Ben Mrad, ndiye aliyeunda Umoja wa Wanawake wa Kiislamu wa Tunisia, ukafundisha, ukakusanya fedha, ukasaidia harakati za kuwania uhuru. Baba hakuwa mjinga wala binti hakuwa asi. Yule aliogopa kitabu. Huyu aliona kazi iliyokuwa haina mtu wa kuifanya.

Uhuru ulipopatikana, Rais Habib Bourguiba hakungoja mjadala wa wanavyuoni. Tarehe 13 Agosti 1956 ilitangazwa Sheria ya Mambo ya Nyumbani, ikakataza mitala, ikaitia talaka mahakamani. Mwaka 1957 wanawake wakapiga kura katika uchaguzi wa manispaa. Katika miaka ileile mali za wakfu zikavunjwa, na mwaka 1961 Zaytuna ikashushwa ikawa kitivo tu cha chuo kikuu cha serikali. Mwaka 1960 rais alisimama akawahimiza wafanyakazi waache kufunga Ramadhani ili kazi za nchi zisilegee. Mimi ni katika wasiokubali kuharamishwa alichokihalalisha Mola, wala sioni kheri katika kuvunja wakfu wa waliokufa. Nayaeleza haya kwa sababu bila ya kuyajua mtu hataelewa kwa nini, katika nchi ile, neno "haki za wanawake" lilikuwa katika masikio ya watu wengi wa dini kama sauti ya askari agongaye mlango. Haki ilikuja imeshikana mkono na jeuri. Waraka wa serikali wa mwaka 1981, nambari 108, ulikataza hata mtandio wa kichwa katika skuli na ofisi za serikali, ikawa mwanamke aliyetaka kusoma achague baina ya elimu na sitara yake. Miaka thelathini hali ilikuwa hivyo, mara kwa ukali, mara kwa kulegezwa.

Katika hali hiyo ndimo alimokulia Souad Abderrahim. Alizaliwa tarehe 16 Disemba 1964, akasomea ufamasia. Chuoni aliingia katika uongozi wa umoja wa wanafunzi wenye mwelekeo wa Kiislamu, ulioundwa mwaka 1985, na kwa ajili hiyo alipata kutiwa kizuizini kwa muda mfupi. Baadaye aliiweka siasa kando, akashika biashara ya dawa, akaolewa, akalea watoto. Harakati ya watu wa dini, iliyoundwa mwaka 1981 chini ya Sheikh Rached Ghannouchi na kuitwa Ennahda tangu mwaka 1989, ilipigwa marufuku, viongozi wake wakafungwa au wakakimbia nchi. Aliyetaka kuishi alinyamaza.

Kilichofungua mlango, msomaji, ni mkokoteni wa matunda na mkono wa manispaa. Tarehe 17 Disemba 2010, katika mji wa Sidi Bouzid ulio mbali na pwani, kijana mchuuzi Mohamed Bouazizi alinyang'anywa mali yake na watu wa manispaa. Akaenda kulalamika, hakusikilizwa. Akajitia moto mbele ya ofisi ya serikali. Kujiua ni haramu, nasi hatusemi vinginevyo. Lakini dhuluma iliyomfikisha hapo ni haramu pia, na watu wa nchi nzima waliijua kwani kila mmoja alikuwa ameionja. Kijana alikufa tarehe 4 Januari 2011. Siku kumi baadaye Rais Zine El Abidine Ben Ali, aliyetawala tangu mwaka 1987, aliikimbia nchi.

Uchaguzi wa Baraza la Katiba ulifanywa tarehe 23 Oktoba 2011. Sheria ilitaka kila orodha ya chama iandikwe mwanamume na mwanamke kwa zamu, jina baada ya jina. Vyama vingi viliitii sheria kwa hila: viliwaweka wanaume vichwani mwa orodha, na kwa kuwa vyama vidogo hupata kiti kimoja tu mahali, mwanamke wa pili hakuingia. Ennahda ilipata viti 89 katika 217, na kwa hiyo wanawake wake waliingia wengi. Wanawake 49 walipochaguliwa siku ile, sehemu kubwa mno walikuwa wa chama cha watu wa dini. Wengi wa hao walivaa mtandio. Bibi Souad, aliyewekwa mbele ya orodha katika mojawapo ya majimbo mawili ya Tunis, hakuvaa.

Jambo hili lilisemwa sana. Wapinzani wakasema amewekwa kama pambo la dirishani, ili watu wa mjini wasiiogope Ennahda. Wengine ndani ya chama hawakupendezwa. Sisi twaamini sitara ni wajibu wa mwanamke wa Kiislamu, na hilo halibadilishwi na kura. Lakini kichwa cha mtu ni baina yake na Mola wake, na mpiga kura anauliza jambo jingine: je, ataaminika na mali ya watu? Huenda walimweka kwa hesabu ya siasa. Vyama ndivyo vilivyo. Hata hivyo pambo halisemi, na huyu alisema. Haukupita mwezi mmoja tangu kuchaguliwa kwake akatamka katika redio ya Kiarabu ya Ufaransa ya kwamba wanawake wanaozaa bila ya ndoa hawafai kuwekewa sheria maalumu ya kuwalinda. Zikazuka kelele kubwa, na jumuiya za wanawake zilizokuwa zikitetea haki zikamwandama mpaka penye lango la Bunge la Bardo. Kwa hiyo yule aliyeambiwa na hawa kuwa si mwanamke wa dini, akaambiwa na wale kuwa ni adui wa wanawake. Nami kwa upande wangu naona alichanganya: kuikemea zinaa ni jambo moja, na kumwacha mama na kichanga chake bila ya mlinzi ni jambo jingine, na sheria yetu haikumtupa mtoto kwa dhambi asiyoitenda.

Katika Baraza aliongoza kamati ya haki, uhuru na mambo ya nje. Katiba ilikamilika Januari 2014, na ibara yake ya 46 ikaiamuru dola ijitahidi kuleta usawa wa wanaume na wanawake katika mabaraza ya kuchaguliwa. Baraza lilipomaliza kazi yake mwaka huo, akarejea kwenye dawa zake.

Sheria ya manispaa ilichelewa. Kwa miaka saba baada ya mapinduzi miji iliongozwa na kamati za muda zilizoteuliwa, na taka zikajaa mitaani, na wachuuzi wakatandaza bidhaa mpaka milangoni mwa misikiti, kwani nani angethubutu tena kumgusa mchuuzi? Mwaka 2017 ndipo sheria mpya ilipopita. Ilisema mambo mawili. Kwanza, katika kila orodha mwanamume na mwanamke wafuatane. Pili, chama chenye orodha katika miji mingi, nusu ya orodha zake ziongozwe na wanawake. Hila ya mwaka 2011 ikazibwa tundu. Basi watu walipopiga kura tarehe 6 Mei 2018, katika manispaa 350, wanawake walipata karibu viti 47 katika kila 100. Lakini waliojitokeza kupiga kura walikuwa kama 35 tu katika kila 100 walioandikishwa. Watu walikuwa wamechoka, na uchovu huo ungekuja kuwagharimu.

Mji wa Tunis, wenye raia zaidi ya laki sita kwa hesabu ya mwaka 2014, ulikuwa na viti 60. Orodha ya Ennahda, akiiongoza Bibi Souad, ilipata viti 21. Chama cha Nidaa Tounes, kilichojiita mrithi wa Bourguiba na mlinzi wa haki alizowapa wanawake, kilipata 17, na mgombea wake alikuwa Bwana Kamel Idir, mzee wa mjini aliyejulikana. Vilivyobaki vilikuwa vya watu wa kujitegemea na vyama vidogo.

Hapa ndipo palipotokea lile ninalotaka msomaji alitafakari. Kabla ya madiwani kupiga kura, mmoja wa wasemaji wa Nidaa alitokea katika televisheni akasema mwanamke hawezi kuwa Sheikh wa Mji wa Tunis. Kwa nini? Kwa sababu, alisema, ni ada ya kale kwamba usiku wa mwezi 27 wa Ramadhani Sheikh wa Mji huhudhuria katika msikiti wa Zaytuna pamoja na rais, na hii ni nchi ya Kiislamu. Maneno haya yalitoka katika chama cha wale waliokuwa wakiwacheka watu wa Zaytuna kwa miaka sitini! Waliovunja wakfu wa msikiti wakageuka kuwa wachungaji wa safu zake.

Tuyapime maneno yenyewe, tusimpime aliyeyasema. Ama kuingia msikitini, Mtume (rehema na amani zimfikie) alikataza wanawake kuzuiliwa misikiti, na wake zake walikaa itikafu msikitini katika kumi la mwisho la Ramadhani, na wakaendelea nayo baada ya kufa kwake. Kumi hilo ndilo lenye usiku wa 27. Basi ikiwa mama wa waumini walikuwamo msikitini katika masiku hayo, ada ya Tunis haiwezi kuwa na heshima kubwa kuliko msikiti wa Madina.

Ama uongozi, humo mna maneno ya wanavyuoni, wala si haki kuyaficha. Dalili kubwa ya wanaokataza ni hadithi aliyoipokea sahaba Abu Bakra, iliyomo katika Sahihi ya Bukhari, juu ya Waajemi walipomtawaza binti wa Kisra. Jamhuri ya wanavyuoni, na sisi Mashafi ni katika wao, wameichukua kwa upana wake, wakasema mwanamke hawi khalifa wala hawi kadhi. Imam Abu Hanifa ameruhusu ukadhi wake katika yale unayokubaliwa ushahidi wake. Ibn Jarir Tabari amenukuliwa kuruhusu ukadhi wake katika yote, na Mawardi aliyemnukuu akamrudi. Ibn Hazm wa Andalusia, ambaye hapana aliyemtuhumu kwa kulegea katika hadithi, amesema lililokatazwa ni ukhalifa, na mambo mengine mwanamke aweza kupewa, akataja ya kuwa Sayyidna Umar alimpa Bibi Shifaa binti Abdillahi kazi katika soko la Madina. Ibn al-Arabi wa madhehebu ya Kimaliki, ambayo ndiyo madhehebu ya watu wa Tunis, amesema riwaya hiyo haikusihi. Haya ndiyo yaliyosemwa. Na Qurani, katika Surat An-Naml, imetueleza habari za malkia wa Sabaa aliyewataka ushauri wakubwa wake kabla ya kukata shauri, wala haikumtia ila kwa uanamke wake. Ila yake ilikuwa kulisujudia jua.

Baada ya hayo itazamwe kazi yenyewe. Meya hatangazi vita, hasimamishi hudud, wala haongozi Sala ya Ijumaa. Kazi yake ni kuzoa taka, kuwasha taa, kusafisha mifereji, kutoa ruhusa za ujenzi, kutunza makaburi, kupanga masoko. Vitabu vyetu vimeiweka kazi hii katika mlango wa hisba. Anayemwona mwanamke wa soko akipima unga kwa haki kwa miaka thelathini, kisha akasema mwanamke hawezi kuyaangalia mapishi na mizani ya soko hilohilo, alete dalili yake. Pwani yetu ya Afrika ya Mashariki imepata kuona makubwa kuliko hayo: Unguja ilikuwa na Malkia Fatuma mwishoni mwa karne ya 17, na Pate ilikuwa na Mwana Khadija katika karne ya 18, na wanavyuoni waliishi chini yao wakisalisha na kusomesha. Na katika zama za karibu, Kisumu ilipata meya mwanamke, Bibi Grace Onyango, mwaka 1965, na Nairobi ikampata Bibi Margaret Kenyatta mwaka 1970.

Siku ya kura, tarehe 3 Julai 2018, katika duru ya mwisho walibaki wawili. Bibi Souad alipata kura 26, Bwana Idir 22. Madiwani waliobaki hawakumpa yeyote kati ya hao. Miongoni mwao walikuwamo watu wa mrengo wa kushoto, ambao maisha yao yote walipigania wanawake wapate vyeo, na alipotokea mwanamke wa kwanza wakashindwa kumpigia kwa sababu ya chama chake. Hivyo ndivyo siasa zilivyo: kila mtu anapenda kanuni mpaka kanuni imnufaishe hasimu wake. Bibi mwenyewe alisema ushindi ule anautoa zawadi kwa wanawake wote wa Tunisia, na kwamba kazi yake ya kwanza itakuwa kuutengeneza uso wa mji.

Yapasa kusemwa pia ya kuwa hakuwa wa kwanza katika Waarabu wote, kama magazeti mengine yalivyoandika. Baghdad ilikuwa imekwisha kupata meya mwanamke, mhandisi Zekra Alwach, mwaka 2015, naye aliteuliwa na serikali. Marrakesh ilimchagua wakili Fatima-Zahra Mansouri mwaka 2009. Utangulizi wa Souad ni wa Tunis: mwanamke wa kwanza kukikalia kiti kile, na mtu wa kwanza kukikalia kwa njia ya kura huru. Watu wanalitaja lile la kwanza na kulisahau hili la pili, nalo kwangu ndilo zito zaidi.

Kazi ilikuwa ngumu, na haifai kumsifu kwa yasiyokuwa. Sheria mpya ya serikali za mitaa, iliyopitishwa mwezi Aprili 2018, iliwapa madiwani madaraka mengi katika karatasi, lakini fungu la manispaa katika fedha za dola lilibaki kuwa dogo mno. Magari ya taka yalikuwa machache na mabovu, wafanyakazi waligoma, majumba ya mji mkongwe yalikuwa yakianguka juu ya wakazi wake. Na ndani ya baraza hakuwa na wingi: mwenye viti 21 katika 60 analazimika kuomba kila siku. Wakazi walilalamika, nao walikuwa na haki ya kulalamika, kwani taka hazikuisha. Lakini malalamiko yenyewe yalikuwa jambo jipya. Kwa mara ya kwanza mtu wa Tunis alikuwa na Sheikh wa Mji anayeweza kumtoa kwa kura yake ifikapo siku.

Siku hiyo haikufika. Tarehe 25 Julai 2021 Rais Kais Saied, aliyechaguliwa kwa wingi mkubwa mwaka 2019, alilisimamisha Bunge, kisha akatawala kwa amri. Wengi walishangilia, kwani walikuwa wamewachoka wanasiasa. Mabaraza ya manispaa yaliachwa kwa muda, yakiwa yamesimama kama miti iliyokatwa mizizi. Mwezi Machi 2023, ikiwa imebaki miezi miwili hivi muda wao wa miaka mitano utimie, ikatoka amri ya kuyavunja yote, ya Ennahda na ya wasiokuwa Ennahda, yenye mameya wanaume na yenye mameya wanawake. Wanawake wapatao mmoja katika kila mameya watano walikuwa wamechaguliwa mwaka 2018. Wote wakatoka pamoja na wenzao wanaume. Kazi za miji zikatiwa mikononi mwa watumishi wa serikali, chini ya magavana walioteuliwa na rais.

Hapana aliyetaja mwezi 27 wa Ramadhani safari hii, wala hadithi ya Abu Bakra, wala haki za mwanamke. Amri ile haikuhitaji dalili yoyote. Wale waliobishana mwaka 2018 kama kiti kile kinamfaa mwanamke au hakimfai, wakajikuta hawana tena kiti cha kukibishania, si cha kumpa mwanamke wala cha kumpa mwanamume. Bibi Souad Abderrahim alitoka katika jengo la Kasbah bila ya kushindwa na mtu katika kura, na wakazi wa Tunis hawakuulizwa kama alitenda vyema au vibaya.